Nyuma ya Profesa Naito: kwa treni kutoka mnara hadi mnara, Tokyo hadi Beppu

Safari hii niliifanya Novemba, kozi fupi ya kazini ilipokwisha Tokyo. Wenzangu waliondoka, mimi nikaomba ruhusa, nikatoa akiba yangu, nikabaki kumfuata mtu aliyefariki mwaka 1970: Profesa Naito Tachu, mhandisi wa majengo ya kuhimili matetemeko. Alizaliwa 1886 katika mkoa wa Yamanashi, akasoma Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, akafundisha Waseda, na uzeeni akasimamisha minara sita ambayo Wajapani huiita ndugu sita: Nagoya (1954), Osaka (1956), Beppu na Sapporo (1957), Tokyo (1958) na Hakata (1964). Nilipanga kuiona yote isipokuwa wa Sapporo, ulioko kisiwa cha kaskazini na ambao ungekula nauli ya nusu ya safari nzima.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ya Jumamosi ya 10 Septemba 2016, karibu saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa, maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka, sekondari za Ihungo na Nyakato zikabaki kwenye vumbi. Wiki zile nilizunguka Bukoba na Missenyi kukagua nyumba. Kilichoua watu ni kuta. Kuta za tofali zisizofungwa pembeni, kuta za ndani zilizosimama peke yake, kuta za pembetatu zilizobeba kenchi, yaani mbao za paa, bila mkanda wowote wa zege chini yake. Naito alitumia maisha yake yote kulifikiria jambo hilo hilo, kwamba ukuta unaweza kukuua, na ukuta uleule ukifungwa vizuri unakuokoa.

Ijumaa. Tokyo: Ryogoku na Marunouchi

Nilishuka kituo cha Ryogoku, mtaa wa wanamieleka wa sumo, nikatembea hadi Bustani ya Yokoamicho. Bustani na makumbusho yake havina kiingilio.

Tarehe 1 Septemba 1923, dakika mbili kabla ya saa sita mchana, tetemeko la 7.9 liliipiga Tokyo na Yokohama. Majiko yalikuwa yamewashwa kwa chakula cha mchana na upepo ulikuwa mkali. Wakazi walikimbilia uwanja huu, uliokuwa mtupu baada ya ghala la nguo za jeshi kuhamishwa, wakiwa wamebeba magodoro na makabati yao. Moto ukaja kwa kimbunga. Papa hapa walikufa watu kama 38,000, kati ya 105,000 hivi waliokufa au kupotea katika maafa yote. Nje ya makumbusho kuna vyuma vilivyoyeyuka vikagandamana, huwezi kujua vilikuwa nini.

Ndani nilikuta mzee anayeelekeza wageni. Kiingereza chake kidogo, Kijapani changu hakuna, tukazungumza kwa programu ya simu. Nilipomtajia Naito alikaa kimya kidogo, kisha akachukua karatasi akaandika jina lile kwa herufi zao, kubwa na safi, akanipa kwa mikono miwili. "Waonyeshe watu," simu ikasema. Karatasi hiyo ilinifungulia milango safari nzima.

Jioni nilikwenda Marunouchi. Jengo lililompa Naito jina, makao makuu ya Benki ya Viwanda ya Japani, halipo tena. Lilikamilika 1923, miezi michache tu kabla ya tetemeko. Lilikuwa na fremu ya chuma, lakini Naito aliingiza ndani yake kuta za zege lenye nondo, zikapangwa kwa uwiano na kupanda mfululizo toka chini hadi juu. Jirani yake palikuwa na Jengo la Marunouchi, jipya pia, lililojengwa haraka kwa mtindo wa Kimarekani wa fremu ya chuma iliyozibwa kwa matofali mepesi. Ardhi ileile, mtetemo uleule, na la Marunouchi likaumia sana. Lile la benki lilibaki zima. Nilisimama pale hadi taa za maofisi zikawaka, nikifikiria kijana wa miaka 37 anayetembea kwenye moshi kwenda kulikagua jengo lake.

*Kwa atakayefuata:* kitanda cha hosteli Tokyo nilikipata kwa yeni 4,000 hivi, na yeni moja ilikuwa ikikaribia shilingi 17. Tonge la wali lililofungwa kwa mwani dukani ni kati ya yeni 150 na 200. Matonge mawili na chai vinatosha hadi jioni.

Jumamosi. Waseda na Wakamatsu-cho

Ukumbi wa Okuma ndio uso wa Chuo Kikuu cha Waseda: mnara wa saa na matao ya matofali ya kahawia, ulimalizika 1927. Hesabu za mifupa yake ni za Naito. Wanafunzi wanapiga picha mbele yake bila kuuliza kwa nini umesimama karibu miaka mia.

Nilichokitaka zaidi ni nyumba yake. Iko Wakamatsu-cho, mtaa wa kawaida wa Shinjuku wenye baiskeli na sufuria za maua mlangoni. Aliijenga 1926 kwa zege, na haina nguzo wala mihimili iliyojitokeza. Kinachoibeba ni kuta zenyewe, zikishikana pembeni na kushikana na sakafu. Ni mali ya chuo na haifunguliwi kila siku, kwa hiyo niliitazama nikiwa barabarani. Mama mmoja aliyekuwa akifagia majani aliniona nimeganda pale, nikamwonyesha karatasi, akatabasamu, akanionyesha kwa ufagio hadi nilipoona pembe ya nyuma. Nilipiga picha nyingi za pembe ile.

Wazo la kuta lilimjia vipi? Kwanza alikuwa ameingia chuo kusomea uhandisi wa meli, akahamia majengo baada ya vita vya Japani na Urusi, kazi za meli zilipopungua. Meli ina kuta za ndani zinazoikata vyumba vyumba. Halafu 1917 alikwenda Marekani. Inasimuliwa kwamba alikuwa na sanduku kubwa la safari lenye mbao za kugawanya ndani, akazing'oa ili apate nafasi ya vitu vingi, na sanduku likavunjika njiani. Lingebaki na mbao zake lisingevunjika. Akaelewa kwamba nyumba nayo inahitaji migawanyo iliyoshikamana na mwili wake.

Hakufika hapo peke yake. Mwalimu wake, Sano Toshikata, alikwenda San Francisco baada ya tetemeko la 1906 kukagua majengo, na 1916 akachapisha njia ya kuhesabu nguvu ya tetemeko: chukua uzito wa jengo, ukate sehemu yake, ulisukume jengo ubavuni kwa uzito huo. Mwaka 1924 sheria ya majengo ya Japani ikatamka kiwango, sehemu moja ya kumi. Jengo la tani 100 lihimili msukumo wa tani 10 kutoka upande. Hesabu hiyo hata fundi wa mtaani anaifanya kichwani. Sano huyo ndiye aliyempa Naito rula ndogo ya kukokotolea ya sentimita 14, na Naito akaitumia hadi uzeeni.

Jumapili. Inuyama

Leo nilianza kutumia pasi ya reli ya wageni ya siku saba, yeni 50,000. Ni pesa nyingi, karibu shilingi laki nane na nusu. Lakini nauli za Tokyo, Nagoya, Osaka, Beppu, Fukuoka na kurudi Tokyo ukizinunua moja moja zinavuka hapo kwa mbali. Angalia jambo moja: treni za Nozomi, za haraka kuliko zote, pasi haizigharimii hadi uongeze pesa. Panda Hikari. Inachelewa kidogo tu.

Nagoya niliacha begi kwenye kabati la sarafu, nikachukua treni nyingine na basi hadi Meiji-mura huko Inuyama, kijiji cha makumbusho yalikohamishiwa majengo ya zamani. Wamehifadhi ukumbi wa mbele wa Hoteli ya Kifalme ya Tokyo, kazi ya msanifu Mmarekani Frank Lloyd Wright, ile iliyofunguliwa siku ileile ya tetemeko la 1923. Ilisimama, dunia nzima ikasikia. Wright aliilaza juu ya tope laini akiamini litapunguza mtetemo, na sehemu zake zikazama kidogo kidogo miaka iliyofuata, hadi ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mawe yake yamechongwa kwa uzuri wa ajabu. Nilikaa humo saa nzima. Hata hivyo naamini kwamba jengo lililofaa kusifiwa duniani mwaka ule lilikuwa la Naito, na nje ya Japani wachache walilisikia.

Basi la kurudi lilichelewa, baridi ikaanza kuuma. Bibi aliyekuwa kwenye foleni alitoa mfukoni kifuko cha kujipashia joto, kile cha unga wa chuma, akanibandika kiganjani kama mama anavyofanya.

Jumatatu. Nagoya

Mnara wa televisheni wa Nagoya una mita 180 na umesimama katikati ya bustani ndefu ya Hisaya-odori. Ndugu mkubwa. Naito alitimiza miaka 68 ulipomalizika Juni 1954.

Kilichonivutia ni miguu. Wahandisi wa sasa waliikata miguu yote minne, wakaweka chini yake vitenganishi vya mpira ili ardhi itikisike na mnara uteleze polepole juu yake. Kazi ilikwisha 2020, na 2022 mnara ukatangazwa kuwa urithi muhimu wa taifa. Fikiria kazi ya kuubeba mnara mzima hewani, mguu kwa mguu, bila kuuangusha. Mlinzi aliona napiga magoti kutazama chini, akaja haraka. Nikatoa karatasi. Akasoma jina, akasogea pembeni, akanionyesha mahali ambapo pengo linaonekana vizuri.

Chakula: ndani ya kituo cha Nagoya, kwenye jukwaa la treni penyewe, kuna vibanda vya kishimen, tambi pana za mchuzi wa moto. Unakula umesimama na unalipa kidogo. Jioni Osaka.

Jumanne. Osaka na Kobe

Mnara wa Osaka, Tsutenkaku, uko Shinsekai, mtaa wa vibanda vya vyakula vya kukaanga na wazee wanaocheza shogi, sataranji ya Kijapani. Mnara wa kwanza wa 1912 uliungua 1943 na chuma chake kikapelekwa vitani. Wafanyabiashara wa mtaa huo wakachanga, wakamwita Naito, na 1956 ukasimama huu wa mita 103. Nao umewekewa vitenganishi, tangu 2015, katikati ya miguu na kiwiliwili. Nilikula kushikatsu, vijiti vya nyama na mboga vilivyokaangwa, na mwenye duka alinifundisha sheria kwa vidole: mchuzi ni wa wote, unachovya mara moja, ukishauma huchovyi tena.

Mchana nilikwenda Kobe, nusu saa hivi kwa treni ya kawaida. Hapa Naito hakuwa hai, lakini sikuweza kupita bila kushuka. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, walikufa watu 6,434, wengi wao wakifunikwa na nyumba zao za mbao zenye mapaa mazito ya vigae. Katika Bustani ya Meriken wameacha kipande cha gati kama kilivyovunjika: taa zimelala, zege limezama majini. Majengo yaliyojengwa kwa kanuni mpya ya ujenzi ya 1981 yalihimili vizuri kuliko yale ya zamani. Nilipokuwa Missenyi nilisikia watu wakisema tetemeko ni la Mungu na hakuna la kufanya. Mungu ni mkubwa, ndiyo. Lakini pale Kobe mtaa mmoja nyumba moja iliua na jirani yake haikuua, na tofauti yao ilikuwa mwaka wa kujengwa.

Jumatano. Njiani

Siku ya treni. Shin-Osaka hadi Kokura ni saa mbili na ushee, mahandaki tu. Huko nikabadili treni ya kushuka pwani ya kisiwa cha Kyushu, nayo ikasimama gizani zaidi ya saa moja kwa sababu ya mnyama aliyegongwa relini. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke wa kiti cha jirani alimenya chungwa dogo, akanipa lote, akamenya jingine lake. Nilifika Beppu usiku, mji mzima ukifuka mvuke.

Alhamisi. Beppu

Mnara wa Beppu hauna makuu. Uko kando ya barabara ya pwani, ulijengwa 1957 kwa maonyesho ya utalii, na kiingilio chake ni yeni mia kadhaa tu. Wazee wawili walikuwa juu wakinywa kahawa. Mmoja, fundi wa zege mstaafu, aliona karatasi yangu akacheka kwa furaha. Alichora kwa kidole juu ya meza iliyolowa: mraba, halafu mistari ya ndani, halafu akasukuma upande mmoja. Aliufuta mstari wa ndani, akasukuma tena, mraba ukalala. Hatukuhitaji simu.

Mchana nilipanda Kannawa, ambako mvuke wa ardhini unatumika kupikia. Unanunua kikapu cha viazi vitamu, mayai na kabichi, wanakiweka kwenye shimo la mvuke, unasubiri. Viazi vile vilinikumbusha nyumbani, nikampigia baba mdogo, ambaye ni fundi ujenzi Bukoba kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo minara yako imesimama bado?"

Nikamweleza vitenganishi vya Nagoya. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sasa hivyo vya mpira ni vya matajiri. Mimi niambie mtu mwenye bati kumi na tofali za kuchoma anafanya nini."

Ndilo swali nililokuwa nalo tangu Marunouchi, na jibu lilikuwa tayari. Mkanda wa zege wenye nondo uzunguke nyumba yote kwenye linta, juu ya milango na madirisha, bila kukatika. Nondo za pembeni zipinde kona, zisiishie hapo. Kuta za ndani zifumwe na za nje, kila mstari wa tofali, zifike juu, zishikwe na mkanda uleule. Madirisha yasisogelee pembe. Paa liwe jepesi, na bati kweli ni jepesi. Nikamwambia vitenganishi Naito hakuwa navyo. Mwaka 1923 alikuwa na kuta, nondo na hesabu.

"Kuta za ndani sisi huwa tunaziweka mwisho," baba mdogo akasema. "Tunazibandika."

Usiku huohuo treni hadi Fukuoka, saa mbili hivi. Nililala kama gogo.

Ijumaa. Hakata

Mnara wa bandari ya Hakata, hapa Fukuoka, ndugu mdogo, wa 1964, mweupe na mwekundu, na kupanda ni bure. Ghorofa ya kutazamia iko kama mita 70 juu, na meli za Korea zinaonekana zikiingia. Tarehe 20 Machi 2005 tetemeko la 7.0 liliupiga mji huu, mnara ukiwa na umri wa miaka arobaini. Upo pale. Kisha siku yote ndani ya treni kurudi Tokyo. Lipia chakula cha sanduku kabla ya kupanda, ndani ya treni nyingi hakiuzwi tena.

Jumamosi. Mnara wa Tokyo

Niliuweka mwisho makusudi. Mita 333, ulizinduliwa Desemba 1958 baada ya mwaka mmoja na nusu tu wa ujenzi, Naito akiwa na miaka 72. Una chuma tani 4,000 hivi. Mnara wa Eiffel, mfupi kwa mita tatu, una tani 7,300. Akiwa na rula yake na wasaidizi wachache, katika nchi ya matetemeko na tufani, aliujua kila mhimili unabeba kiasi gani, ndiyo maana hakuhitaji kuweka cha ziada. Sehemu ya chuma cha juu kilitoka kwenye vifaru chakavu vya Marekani vilivyotumika vita ya Korea.

Mwisho wa wiki unaweza kupanda ngazi za nje hadi ghorofa ya mita 150, hatua kama 600. Usitumie lifti ukiwa na magoti mazima. Ukiwa ngazini unapita katikati ya mihimili, unaziona ribiti, pini za kuunganisha vyuma, moja moja, zilizopigwa zikiwa za moto na vijana wa vyumani ambao hawakuwa na kamba za usalama kama za leo. Baba mmoja alikuwa na binti wa miaka sita hivi anayehesabu hatua kwa sauti. Tulipofika juu walinipigia picha nikiwa na karatasi ya mzee wa Yokoamicho. Tarehe 11 Machi 2011, tetemeko la 9.0 lilipoupiga mashariki ya Japani, ncha ya antena ilipinda, ikabadilishwa mwaka uliofuata. Mwili wa mnara haukuguswa.

Kiingilio ni yeni 1,500 hivi. Siku yenye mawingu machache unauona Mlima Fuji, na upande uleule ndiko Yamanashi alikozaliwa.

Bukoba

Nilirudi kupitia Seoul na Addis Ababa. Baba mdogo alinipokea, na hata kabla ya kuuliza habari za njiani akataka picha. Ile minara aliipita haraka. Alisimama kwenye nyumba ya Wakamatsu-cho, pembe ya nyuma, akaikuza kwa vidole, akauliza unene wa ukuta na nondo zimepinda kwa urefu gani. Kesho yake tulikwenda kwenye nyumba anayoijenga Kashozi. Boma lilikuwa limefika kwenye linta na kuta za ndani zilikuwa bado. Aliwasimamisha vijana, akawaonyesha pa kukata meno kwenye ukuta wa nje ili tofali za ndani ziingie, akaagiza nondo za milimita 12 za kuzunguka mkanda wote, na ringi zake. Mwenye nyumba alilalamika juu ya bei. Baba mdogo akamwambia aahirishe vigae vya sebuleni.